Dozi iliyowahi mno na vidonge vilivyozidi: uchambuzi wa kisa cha upasuaji wa pua

Kisa hiki kinahusu mgonjwa mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa kunyoosha ukuta wa katikati wa pua. Mimi ndiye niliyemfanyia. Umri kamili, kazi yake, tarehe na mahali vimeondolewa, na yeye mwenyewe ameridhia kiandikwe. Nimekiandika kwa ajili ya wanaofanya kazi wodini na kwenye chumba cha upasuaji, hasa wale wanaoandika antibayotiki kila siku bila kuulizwa sababu, kama nilivyokuwa nikifanya.

Usuli

Mgonjwa alikuwa mtu mzima wa miaka ya thelathini, mwenye afya njema. Hakuwa na kisukari, havuti sigara, hakuwa na mzio wa dawa yoyote. Tundu la kushoto la pua lilikuwa limeziba kwa miaka mingi kwa sababu gegedu la katikati lilikuwa limepinda. Dawa ya kupuliza puani aliitumia miezi mitatu bila nafuu ya maana, tukakubaliana kufanya upasuaji.

Pua si mahali pasafi. Ndani yake wanaishi bakteria muda wote, na kati ya watu wazima, takribani 2 hadi 3 katika kila 10 hubeba Staphylococcus aureus bila kuumwa chochote. Kwa hiyo upasuaji unaopita kwenye utando wa pua huhesabiwa kuwa kati ya ule safi kabisa na ule wa kidonda kichafu. Hata hivyo, maambukizi baada ya upasuaji wa aina hii ni machache, kwa sababu utando wa pua una damu nyingi sana, na damu ndiyo inayowaleta askari wa mwili na ndiyo inayobeba dawa. Msomaji aliweke hilo akilini, maana kisa chote kinageukia hapo.

Utaratibu wetu wakati huo ulikuwa dozi moja ya antibayotiki iitwayo sefazolini, gramu 2 kwenye mshipa, kabla ya kisu. Kwenye karatasi ya maagizo niliandika hivyo hivyo: "kabla ya upasuaji." Saa sikuandika.

Siku ya upasuaji

Alipangwa kuwa wa kwanza asubuhi, saa 1:30. Muuguzi wa wodi, ambaye ni mtu makini na hakukosea chochote kulingana na maagizo aliyopewa, alimchoma sefazolini saa 1:05 asubuhi na kuandika muda kwenye faili.

Dakika chache baadaye aliletwa mtoto aliyepaliwa na kitu kwenye njia ya hewa. Chumba kikachukuliwa, na ilikuwa halali kabisa kichukuliwe. Mgonjwa wetu alirudishwa wodini akasubiri. Aliingia chumba cha upasuaji saa 4:50, na mkato wa kwanza nikaufanya saa 5:20 asubuhi. Tangu dozi ile itolewe zilikuwa zimepita saa 4 na dakika 15.

Kabla ya mkato tulisoma orodha ya ukaguzi wa usalama, kama kawaida. Mmoja wetu aliuliza, "Antibayotiki imetolewa?" Mwingine akajibu, "Ndiyo, wodini." Tukaendelea. Orodha ya Shirika la Afya Duniani haiulizi hivyo. Inauliza kama antibayotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Sisi tulikuwa tumeifupisha kwa mazoea, na katika kuifupisha tukaliacha neno lililobeba maana yote.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Nilinyanyua utando pande zote mbili za gegedu, nikaondoa sehemu iliyopinda, nikashona mkato, kisha nikasokomeza shashi kwenye matundu yote mawili ili kuzuia damu. Ulichukua dakika 55.

Maamuzi yaliyofuata, na kwa nini

Nikiwa naandika ripoti ya upasuaji ndipo nilipouona muda wa dozi kwenye faili. Nilishtuka. Uamuzi nilioufanya hapo ndio ninaoujutia kuliko wote katika kisa hiki: niliandika amoksisilini yenye klavulaneti, kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku 7. Nilijiambia mambo mawili. La kwanza, kwamba dozi ya asubuhi ilikuwa imeisha nguvu, hivyo nifidie. La pili, kwamba kuna shashi puani, na shashi hukaa na bakteria, hivyo apate kinga mpaka itoke na zaidi kidogo.

Wakati huo hoja zote mbili zilionekana kuwa za busara, na hakuna mwenzangu aliyezipinga. Nami nisingempinga mwenzangu angeandika vivyo hivyo.

Siku ya pili shashi ilitolewa. Damu ilitoka kidogo kwa dakika chache, ikakata yenyewe. Aliruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vyake na tarehe ya kurudi siku ya kumi. Hakuna aliyemchungulia puani baada ya damu ile kukata.

Siku ya nne na ya sita

Siku ya nne alipiga simu. Alisema pua imeziba pande zote mbili, zaidi ya ilivyokuwa juzi, na kwamba kuna maumivu yanayopigapiga kama mapigo ya moyo. Pia alikuwa anaharisha, mara nne tangu alfajiri. Daktari wa zamu alimpa pole, akamweleza kuwa pua kuziba baada ya upasuaji ni jambo la kawaida, akamshauri anywe maji yenye chumvi na sukari kwa ajili ya kuharisha, na akamsisitiza asiache dawa hata kidogo mpaka amalize. Mgonjwa alitii.

Siku ya sita alirudi mwenyewe bila kuitwa. Joto lilikuwa nyuzi 38.6. Ncha ya pua ilikuwa nyekundu na haigusiki. Nilipochungulia, ukuta wa katikati ulikuwa umevimba pande zote mbili mpaka umekutana na kuta za nje, laini, unabonyea chini ya kifaa. Hilo lilikuwa jipu la ukuta wa pua. Damu ilikuwa imevilia kati ya gegedu na utando wake, na usaha ukajikusanya humo.

Siku hiyo hiyo alilazwa usingizi, tukafungua na kutoa mililita 4 hivi za usaha uliochanganyika na damu ya zamani. Sehemu ya gegedu iliyobaki ilikuwa imelainika na nyingine imekwisha kabisa. Tuliacha mrija mdogo wa kutolea uchafu, tukaubana utando kwa nyuzi, na kumwanzishia kloksasilini kwenye mshipa. Maabara ilitoa jibu baada ya siku mbili: Staphylococcus aureus, inayouawa na kloksasilini.

Kabla hajalazwa usingizi aliniuliza swali ambalo sijalisahau. "Daktari, vidonge nilimeza vyote kwa saa yake. Sikukosa hata kimoja. Sasa usaha umetoka wapi?"

Matokeo

Homa ilishuka ndani ya siku mbili baada ya usaha kutolewa. Kuharisha kulikoma siku tatu baada ya kuacha amoksisilini na klavulaneti. Kipimo cha kinyesi hakikuonyesha sumu ya Clostridioides difficile, bakteria wanaoweza kuleta kuharisha kwa hatari baada ya antibayotiki, nikashukuru. Antibayotiki ya matibabu aliimaliza kwa siku 10.

Baada ya miezi sita alikuwa anapumua vizuri pande zote mbili, lakini juu kidogo ya ncha, mgongo wa pua ulikuwa umebonyea. Si sana. Mtu asiyemfahamu asingeona. Yeye anauona kila asubuhi kwenye kioo, na ana haki ya kuuona.

Uchambuzi

*Saa ya dozi*

Mwaka 1961 daktari mpasuaji wa Marekani, John Burke, alionyesha kwa kutumia simbilisi kwamba antibayotiki huzuia maambukizi ikiwa imo kwenye tishu kabla bakteria hawajafika au wakati wanafika. Ikichelewa zaidi ya saa tatu haibadilishi tena kitu. Mwaka 1992 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 2,847 wa upasuaji katika hospitali moja ya Salt Lake City. Waliopata dozi ndani ya saa mbili kabla ya mkato, maambukizi ya kidonda yalikuwa asilimia 0.6. Waliopewa mapema zaidi ya hapo, asilimia 3.8. Walioanza kupewa zaidi ya saa tatu baada ya mkato, asilimia 3.3.

Nitazame mgonjwa wangu yuko kundi gani. Alipewa saa nne kabla, kwa hiyo ni wa kundi la waliowahi mno. Nikajaribu kumwokoa kwa kumtia kwenye kundi la waliochelewa. Hayo makundi mawili, katika takwimu zile, yanakaribiana kwa ubaya.

Hesabu ya sefazolini si ngumu. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu huwa imeondoka kupitia figo. Baada ya saa nne imebaki robo. Ndiyo maana upasuaji ukirefuka, dozi hurudiwa saa 4 baada ya ile ya kwanza. Mgonjwa wetu alikuwa amefikia muda wa kurudia dozi kabla hata ya kuguswa na kisu. Kilichotakiwa kilikuwa rahisi mno: mtaalamu wa usingizi amchome gramu 2 nyingine mezani, saa 5:00, tusubiri dakika chache, tuanze. Dawa ilikuwepo kwenye kabati, hatua mbili kutoka tuliposimama.

Je, dozi iliyopitwa na wakati ndiyo iliyoleta jipu? Sidhani, na ningekuwa nawadanganya wasomaji nikiitwisha lawama yote. Upasuaji wa namna hii hufanyika na watu wakapona hata bila dozi, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 kuhusu kinga ya upasuaji hauoni haja ya antibayotiki kwenye upasuaji wa sinasi (mapango ya hewa yaliyomo kwenye mifupa ya uso) kwa kamera. Dozi ile ilikuwa bima ndogo tuliyoipoteza. Kilichomuumiza hasa ni damu iliyovilia, na vidonge vilivyotuzuia kuiona.

*Vidonge vya siku saba*

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Stafilokokasi ile iliuawa maabara na kloksasilini. Stafilokokasi inayouawa na kloksasilini huuawa pia na amoksisilini yenye klavulaneti. Maana yake ni kwamba mgonjwa alikuwa anameza, mara tatu kwa siku, dawa inayomuua bakteria yule yule aliyekuwa anastawi sentimita chache kutoka mdomoni mwake. Dawa ilikuwa sahihi na haikufanya kazi.

Sababu iko kwenye maumbile ya pua. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando uliolifunika, pande mbili. Damu ikivilia kati ya utando na gegedu, utando unasukumwa mbali, na lishe inakatika. Ikivilia pande zote mbili, gegedu linabaki limeelea kwenye dimbwi lisilo na mzunguko wa damu. Dawa inayosafirishwa na damu haifiki mahali ambapo damu haipiti. Bakteria wachache waliomo humo wanajikuta kwenye chakula kingi na usalama kamili, na ndani ya siku chache gegedu linaanza kuyeyuka. Hiyo ndiyo njia ya kuelekea pua iliyobonyea, na hakuna kidonge kinachoweza kuifunga. Inafungwa kwa kuchungulia mapema na kutoa damu ile.

Kwa hiyo jibu la swali lake lilikuwa: usaha ulitoka mahali ambapo vidonge vyako havikuweza kufika, na ambapo sisi hatukutazama.

Miongozo ilikuwa wazi tayari. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016, lilishauri kinga isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika. Kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, mwaka 2017, kilisema kwa upasuaji safi na huu wa kundi la kati, dozi za ziada zisitolewe baada ya mkato kufungwa. Mwaka huo huo chama cha Marekani cha madaktari wa pua, koo na masikio kiliandika kuwa baada ya upasuaji wa kurekebisha pua, antibayotiki isiandikwe kwa mazoea kupita saa 24. Niliijua yote. Nilikuwa naichukulia kama maneno ya watu wanaotaka kuokoa fedha za hospitali, si kama maneno yanayomlinda mgonjwa. Nilikosea.

*Hoja ya shashi*

Wengi wetu tulifundishwa kwamba shashi ikiwa puani, antibayotiki ni lazima, hasa kwa hofu ya sumu ya stafilokokasi inayoangusha mwili mzima: homa kali, shinikizo la damu kushuka, upele mwekundu unaoenea, kisha ngozi ya viganja na nyayo kubambuka wiki moja au mbili baadaye. Hofu ina msingi, kwa kuwa ugonjwa huo unaua. Lakini ni adimu, takribani 16 kwa kila upasuaji wa pua 100,000 kwa hesabu iliyotolewa miaka ya 1980, na umewahi kuwapata hata watu waliokuwa wanatumia antibayotiki. Kinga ya uhakika zaidi ni kuitoa shashi mapema au kutoiweka kabisa. Nyuzi zinazopitishwa upande huu hadi upande ule wa ukuta, zikaubana utando kwenye gegedu, hufanya kazi ya shashi, na zaidi ya hapo hazibakishi nafasi ya damu kuvilia. Ningemshona hivyo tangu mwanzo, nisingekuwa na shashi ya kuitetea kwa vidonge, na yamkini nisingekuwa na dimbwi.

*Simu ya siku ya nne*

Sitaki daktari wa zamu abebe mzigo huu. Alipofungua faili aliona antibayotiki ya siku saba, akatulia. Mtu yeyote angetulia. Faili lilimwambia kuwa maambukizi yamezibiwa njia, hivyo malalamiko yakasikika kama kero za kawaida za kupona. Laiti faili lingekuwa halina dawa, nadhani angemwita mgonjwa aje aonekane. Hilo ndilo dhara la vidonge ambalo halimo kwenye karatasi ya maelezo ya dawa, na kwangu mimi ni kubwa kuliko kuharisha.

Tena mgonjwa alitoa dalili zote kwa maneno yake mwenyewe. Pua inayoziba kutokana na uvimbe wa kawaida hulegea siku hadi siku. Yake ilikuwa imefunguka shashi ilipotoka, kisha ikaziba upya, pande zote mbili, na maumivu yakaongezeka badala ya kupungua. Mabadiliko hayo yanatosha kumwambia mtu "njoo leo", hata usiku.

*Kilichokwenda sawa*

Muuguzi aliandika saa kamili ya dozi. Bila mkono wake tusingejua lolote. Jipu lilipogunduliwa lilifunguliwa siku hiyo hiyo, usaha ukapelekwa maabara kabla ya dozi ya kwanza ya kloksasilini, na antibayotiki ya matibabu ikapewa muda wake unaostahili. Kutibu maambukizi yaliyopo na kuzuia yasiyokuwepo ni kazi mbili tofauti, zenye vipimo viwili tofauti vya muda. Na mgonjwa aliambiwa ukweli wote kesho yake asubuhi, kitandani, mimi nikiwa nimekaa.

Tuliyobadilisha

Dozi ya kinga haitolewi tena wodini. Inakwenda na mgonjwa, na anayemlaza usingizi ndiye anayeichoma, akitaja saa kwa sauti. Kwenye orodha ya ukaguzi tumelirudisha swali lote: imetolewa saa ngapi, na sasa ni saa ngapi? Ikiwa tofauti imezidi dakika 60, tunasimama tuamue kama inarudiwa. Mwanzoni watu waliona tunapoteza muda. Swali lenyewe linachukua kama sekunde kumi.

Kwa upasuaji wa ukuta wa pua usio na matatizo, antibayotiki ya kwenda nayo nyumbani imeondolewa kwenye karatasi iliyochapwa. Anayetaka kuiandika anaweza, ila lazima aandike sababu kwa mkono, mgonjwa kwa mgonjwa. Kila aliyetolewa shashi au aliyeshonwa bila shashi anachunguliwa puani kabla ya kuruhusiwa, na anaonwa tena siku ya nne au ya tano badala ya ya kumi. Anayepiga simu akasema pua imefunguka kisha ikaziba tena, anaitwa siku hiyo hiyo bila kujali anameza nini.

Miezi kumi na minne baada ya upasuaji wa kwanza, mgonjwa alirudi kwetu kwa hiari yake kurekebishiwa mgongo wa pua kwa kipande cha gegedu kutoka sikioni. Alichomwa sefazolini mezani, dakika 25 kabla ya mkato. Nilibana utando kwa nyuzi, sikuweka shashi. Jioni, nilipopita kumwona, aliuliza kuhusu dawa za nyumbani. Nilimwambia safari hii hakuna, nikamweleza kwa nini, nikiuchora ukuta wa pua na utando wake nyuma ya karatasi ya joto. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nimwandikie mahali pamoja siku za kurudi kuonwa na namba ya simu ya wodi. Nilimwandikia siku ya pili na siku ya tano. Alikuja siku zote mbili, na ukuta ulikuwa bapa.